Paka Wakigombana Nyumbani, Usimfukuze Anayeonewa

Katika mtaa wa Kariobangi paka hafugwi kwa ajili ya urembo. Hufugwa kwa sababu ya panya. Tuko karibu na jaa kubwa la Dandora, karibu na soko la Korogocho, na mitaro yetu huziba kila mvua inyeshapo. Panya hawana sababu ya kuhama. Ndiyo maana familia nyingi, hata zile zinazoishi katika chumba kimoja cha kupanga, huwa na paka, na panya wakizidi huongeza wa pili. Watu hudhani kwamba paka wawili watafanya kazi maradufu. Mara nyingi kazi ya panya husimama na vita vikaanza humo humo ndani.

Mimi si daktari wa mifugo. Natibu watu. Lakini ugomvi wa paka huniletea wagonjwa, na nimeridhika kwamba njia tunayotumia kuumaliza ugomvi huo imepinda: tunamwadhibu aliyeonewa, tunambakisha mwonevu, kisha tunashangaa kwa nini amani haikuja. Gharama ya jambo hili haiwaangukii paka peke yao.

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda. Paka mmoja anaanza kukojoa kitandani, au juu ya nguo zilizofuliwa, au nyuma ya kochi. Chumba kinanuka. Mama wa nyumba anakasirika, na ana haki, kwa sababu kufua blanketi si mchezo wakati mifereji imekauka na maji yananunuliwa kwa mtungi. Paka anapigwa kwa ufagio. Asipoacha, kijana wa nyumbani anatumwa amtie ndani ya gunia akamtupe mbali, ng'ambo ya Barabara ya Outering au kando ya mto. Yule wa pili, aliyenenepa, mtulivu, anayelala mlangoni kama askari wa usiku, anasifiwa kwa adabu yake.

Kumbe huyo wa mlangoni ndiye mwenye kesi. Uonevu wa paka kwa kawaida hauna kelele. Kelele na manyoya kuruka ni hatua ya mwisho. Kabla ya hapo mwonevu humtazama mwenzake kwa jicho kali bila kupepesa. Hukaa pale ambapo ni lazima mwenzake apite: mlangoni, mbele ya sahani ya chakula, kando ya karai la mchanga. Akiona mwenzake anainuka, naye huinuka. Mwenzake hujifunza haraka. Hushinda juu ya kabati au chini ya kitanda, hula usiku watu wakilala, hujilamba tumbo mpaka manyoya yakatoka, na akibanwa na haja hujisaidia popote pale ambapo hatavamiwa. Kitanda ni mahali pema kwake kwa sababu kiko juu na kina harufu ya watu wasiomdhuru. Huo mkojo unaomfanya afukuzwe si utundu. Ni woga.

Yafaa hapa nitofautishe uonevu na mchezo, maana nisije nikawatia watu hofu bure. Paka wawili wanaocheza hupokezana: mara huyu chini, mara yule. Hawalii, hawatoi kucha, na wakimaliza hulala pamoja au hula pamoja. Ukiona mmoja tu ndiye anayefukuza kila siku na mwingine ndiye anayekimbia kila siku, masikio yamelazwa nyuma na mkia umevimba, huo si mchezo hata kama watoto wanacheka. Kuna watoto, tena na vijana wakubwa, wanaowachochea paka wapigane ili wapate kichekesho. Wazazi wakomeshe tabia hiyo.

Wengine husema paka ni wabaya kwa asili. Sikubaliani nao. Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka pori ambaye bado yuko katika mbuga zetu, na mnyama huyo huwinda peke yake. Windo lake ni panya mmoja, ndege mmoja, mlo ambao haugawiki. Mbwa na simba huwinda kwa kundi, kwa hiyo wana adabu za kuishi pamoja: mdogo huinama, mkubwa huridhika, na mambo huisha. Paka hana adabu hizo za kutosha. Njia yake kubwa ya kumaliza ugomvi ni kuondoka. Paka jike na binti zake wanaweza kuelewana vizuri penye chakula kingi, lakini ukichukua paka wawili wazima wasiojuana, hasa madume mawili, ukawafungia pamoja, umewanyima dawa pekee waliyozaliwa nayo.

Ukifika Lamu utaona paka kwa makumi katika vichochoro vya mji na huko ufuoni wavuvi wanakoshusha samaki. Si kwamba hawapigani. Hupigana, ila anayeshindwa ana kichochoro cha kukimbilia na ukuta wa kurukia, na kesho kuna samaki wengine. Sasa linganisha na chumba cha futi kumi kwa kumi hapa kwetu, chenye kitanda, kochi, meza, jiko, watu watano na mlango mmoja. Zamani Kariobangi ilikuwa na nyumba nyingi za chini zenye ua, na paka aliyechoka na mwenzake alikwea mabati akaenda zake. Leo majengo ya ghorofa yamejaa. Paka wa ghorofa ya nne anakimbilia wapi? Tumebadilisha nyumba lakini hatujabadilisha namna ya kufuga.

Kuna ugomvi wa aina mbili ambao huzuka ghafla kati ya paka waliokuwa marafiki, na watu huuona kama uchawi. Wa kwanza huanzia dirishani. Dume la kuzurura linapita ukutani, paka wako analiona, damu inamchemka, lakini kioo au wavu unamzuia. Hasira hiyo ni lazima imwangukie aliye karibu: paka mwenziwe, au mguu wa mtoto anayepita. Wa pili hutokea baada ya paka mmoja kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Anarudi akinuka dawa. Paka hutambuana zaidi kwa pua kuliko kwa macho, kwa hiyo aliyebaki nyumbani humvamia kama mgeni. Katika hali zote mbili waweke mbali, chumba kiwe na giza kidogo, waachwe watulie kwa saa kadhaa au hata siku mbili. Usiwalazimishe kupatana papo hapo kwa kuwashika na kuwakutanisha nyuso. Wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo wanapong'atwa.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Methali husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Paka wawili wakipigana, kinachoumia ni mkono wa mtu aliyejaribu kuwaamua. Mgonjwa mmoja, mshonaji wa nguo, aliniletea mkono wa kulia umevimba hadi kifundoni, mwekundu, wa moto. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amewatenganisha paka wake. Hakuona jeraha la maana, ila matundu mawili madogo kama ya sindano kwenye kiungo cha kidole cha shahada, akapaka mafuta ya taa akalala. Kwa mtu anayekula kwa cherehani, kidole hicho ndicho shamba lake. Alipona, lakini baada ya kulazwa na kupasuliwa ili usaha utoke.

Jino la paka ni jembamba na refu. Likiingia hupeleka vijidudu ndani kabisa, kwenye kano na viungo, kisha ngozi hujifunga juu kama kwamba hakuna kilichotokea. Mbwa huraruа, na jeraha lake hutisha hata mtu akakimbilia hospitali. La paka hudanganya. Katika vitabu vya tiba inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya majeraha ya kung'atwa na paka huingia vijidudu, mengi zaidi kuliko yale ya mbwa. Mshtakiwa mkuu ni kijidudu kiitwacho pasturela, ambacho hukaa kinywani mwa paka mzima asiye na ugonjwa wowote, na uvimbe wake unaweza kuanza katika muda wa saa chache tu. Kwa hiyo jeraha la paka mkononi, hasa karibu na kiungo, lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Usinunue vidonge viwili vya rangi mbili dukani ukajiona umepona.

Kwanza kabisa, osha. Maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, si kunawa kwa haraka kama mtu anayekwenda kula. Mafuta ya taa, majani ya chai, pilipili na grisi ya gereji havina kazi hapo. Kisha uulizie sindano ya pepopunda kama hujachanjwa kwa miaka kadhaa.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Jina hili limewapotosha watu, kwa sababu paka naye huupata na kuuambukiza kwa meno. Ni kweli kwamba katika Afrika mbwa ndiye chanzo cha karibu vifo vyote vya binadamu kutokana na ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa mwaka ulimwenguni. Lakini paka wa mtaa wetu hupigana na kuzurura huko huko mbwa wasiochanjwa wanakozurura. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu haponi kamwe. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa mpaka damu ikatoka na paka asiyechanjwa asingoje. Aende hospitali, aanze chanjo, arudi kwa tarehe zote atakazoandikiwa, na paka afungiwe atazamwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari atasimamisha chanjo. Paka akiwa amekwisha kutupwa kando ya mto, ni nani atamtazama? Hilo ni kosa jingine la gunia: linatupa pia ushahidi.

Na niwaambie wasomaji jambo moja ambalo daktari wa mifugo yeyote atalithibitisha. Paka mpole asiyewahi kugombana, anayegeuka ghafla kuwa mkali kwa watu na kwa kila kinachotikisika, sauti ikabadilika, mate yakamtiririka, huyo si mwonevu. Mfungie bila kumshika, uite wataalamu.

Mikwaruzo nayo ina ugonjwa wake, unaoletwa na kijidudu cha bartonela ambacho viroboto hukieneza kati ya paka na paka. Mtoto hukwaruzwa, jeraha linapona, na baada ya wiki moja au mbili tezi za kwapani au shingoni zinavimba na homa inakuja. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi huisha wenyewe. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika kwa sababu ya virusi vya ukimwi, unaweza kuwa mkali sana, kwa hiyo mtu huyo asiwe ndiye mwamuzi wa paka katika nyumba.

Akina mama wajawazito huniuliza kila mara kuhusu tokso, yaani toksoplasma, na wengi wameambiwa na majirani wamtupe paka. Hakuna haja. Vijiyai vya ugonjwa huo hutoka kwenye kinyesi cha paka, lakini huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikizolewa kila siku na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni za kuogopwa zaidi. Lakini tazama sasa uonevu unavyoingia hapo. Paka aliyezuiwa kufika kwenye karai la mchanga huenda haja chini ya kitanda au nyuma ya magunia, mahali ambapo hapafagiliwi kwa siku tatu nne, na ndipo watoto wanapotambaa kutafuta mpira wao. Kwa hiyo mama mjamzito mwenye paka wawili na karai moja linalolindwa na dume lenye ubabe yuko katika hatari ambayo mwenye paka mmoja hana.

Pia nimesikia uvumi kwamba paka wanaopigana huambukiza watu ukimwi. Si kweli. Kuna virusi vya paka, vilivyogunduliwa California mwaka wa 1986, ambavyo hupunguza kinga ya mnyama kwa namna inayofanana na ukimwi, na huenezwa hasa kwa kung'atana. Haviingii kwa binadamu.

Sasa, mtu wa chumba kimoja afanye nini? Atakaloanza nalo ni kumtazama anayeziba njia, badala ya kumtazama anayelowesha. Akishamjua, asimpige. Kipigo humfundisha paka kwamba kila mwenzake akiwa karibu maumivu huja, na chuki huongezeka. Maji ya moto, ambayo wengine huyamwaga, ni ukatili mtupu, na nimewahi kutibu mtoto aliyeunguzwa na maji yaliyokusudiwa paka. Wakishikana, piga vifuniko viwili vya sufuria, au tupa blanketi juu yao, au sukuma mto katikati. Mkono wako uache mfukoni.

Kisha gawanya mali. Karai la mchanga liwe la pili, hata beseni kuukuu litatosha, na badala ya mchanga unaweza kuomba vumbi la mbao kwa maseremala wa Light Industries. Lakini yasiwekwe bega kwa bega, kwa sababu mwonevu mmoja atayalinda yote mawili akiwa ameketi mahali pamoja. Moja liwe karibu na mlango, jingine upande wa pili. Chakula vile vile: omena wa huyu nyuma ya pazia, wa yule juu ya meza, wasionane wakila. Mnyonge apewe mahali pa juu, rafu au katoni juu ya kabati, na njia mbili za kushukia. Katoni yenye tundu moja ni mtego. Itoboe pande mbili. Mwonevu akifungwa kamba yenye kengele ndogo shingoni, mwenzake atamsikia kabla hajavamiwa. Na mwonevu huyo achezeshwe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye uzi kabla ya kupewa chakula, achoke. Paka wengi wenye ubabe ni wawindaji waliokosa kazi.

Ikiwa vita vimekwisha kuwa vikubwa, waachane kwanza. Jirani au ndugu anaweza kukaa na mmoja kwa wiki moja. Mfute huyu kwa kitambaa mashavuni, ukiweke kitambaa hicho anapolala yule, na kinyume chake, mpaka harufu izoeleke. Halafu wale chakula mlango ukiwa kati yao, kisha ukiwa wazi kidogo. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Najua watu wa mtaa wetu hawana wiki kadhaa za kupoteza kwa ajili ya paka, lakini nimeona pia muda unaopotea kwenye foleni ya hospitali.

Dawa inayozidi hizi zote ni kumhasi dume. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 1973 ulionyesha kwamba kati ya madume kumi waliohasiwa, karibu tisa walipunguza au kuacha kupigana, kuzurura na kunyunyiza mkojo ukutani. Wanaume wa mtaani hulichekea jambo hili, tena hulionea haya, kana kwamba wao ndio watakaolazwa mezani. Na jike naye afungwe kizazi, maana watoto watano wa paka kila baada ya miezi michache ndio uonevu wa kesho.

Maonyo mawili ya haraka. Paka aliyeumizwa asipewe Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Na dume anayechuchumaa kila dakika bila kutoa mkojo, akilia, afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wasiwasi wa kuonewa huchangia ugonjwa wa kibofu, na njia ikiziba anaweza kufa katika siku mbili au tatu.

Kwa upande wa serikali, Kenya iliweka mwaka wa 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ni mpango mzuri, na ni sawa kwamba mbwa wamewekwa mbele. Lakini katika mitaa ya Eastlands, ambako mpangaji wa ghorofa haruhusiwi kufuga mbwa ila paka yumo karibu kila ploti, naiomba Kaunti ya Nairobi ihesabu paka nao kila inapoandaa siku ya chanjo, na ilete wa kuhasi siku hiyo hiyo. Asiyeweza kuwavumilia wawili pia asitafute gunia. Amtafutie mmoja wao nyumba nyingine, au awaulize KSPCA huko Lang'ata, au kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Mkienda huko, kila paka awe ndani ya kikapu chake chenye kifuniko, na kitambaa juu ili wasionane katika matatu.